Viwakilishi vya Kihispania kwa Mzungumzaji wa Kiswahili: Ufafanuzi na Mazoezi

1.0 Utangulizi
Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayejifunza Kihispania mara nyingi hutumia vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Makala haya yanafafanua kwamba, katika viwakilishi, njia hiyo humzungusha bila sababu, kwa kuwa Kiswahili na Kihispania vinakaribiana katika mambo ambayo Kiingereza kinatofautiana navyo. Aidha, yanabainisha mambo ambayo Kiswahili hakimsaidii mwanafunzi, ili mazoezi yaelekezwe huko.

2.0 Pale Kiswahili Kinaposaidia
Kwanza ni nafsi ya mtenda. Katika “ninazungumza”, nafsi huoneshwa na kiambishi “ni-”. Katika “hablo”, huoneshwa na kiambishi tamati “-o”. Kwa hiyo, “yo hablo” hukaribiana na “mimi ninazungumza”: kiwakilishi huru huongezwa ili kusisitiza au kulinganisha. Anayefuata kanuni ya Kiingereza huanza kila sentensi kwa “yo”, na usemi wake husikika kana kwamba anajitanguliza kila mara.

Pili ni vitenzi kama “doler” na “gustar”. Sentensi “me duele la cabeza” ina muundo wa “kichwa kinaniuma”: kichwa ndicho kiima, na anayeumwa huwakilishwa na “me” kama anavyowakilishwa na “-ni-”. Vivyo hivyo, “me gusta el café” ni “kahawa inanipendeza”, na “me gustan los libros” ni “vitabu vinanipendeza”. Mwalimu anayefasiri “gustar” kwa “kupenda” huuficha muundo huu. Anayetumia “kupendeza” huuweka wazi.

3.0 Pale Kiswahili Kisipotosha
Ugumu wa kwanza ni jinsia. “Ninamwona” huweza kuwa “lo veo” au “la veo”, kutegemea kama anayeonwa ni mwanamume au mwanamke. Kwa vitu, “ninakisoma” (kitabu) ni “lo leo”, kwa kuwa “libro” ni nomino ya kiume. “Ninaisoma” (barua) ni “la leo”, kwa kuwa “carta” ni ya kike. Mzungumzaji wa Kiswahili tayari ana mazoea ya upatanisho wa kisarufi. Kigezo cha kuchagua ndicho kipya kwake.

Ugumu wa pili ni urejeshi. Kiambishi “-ji-” hakibadiliki: ninajiona, unajiona, tunajiona. Kihispania hubadili kiwakilishi kwa kila nafsi: “me veo”, “te ves”, “nos vemos”. Inatarajiwa, basi, kwamba mwanafunzi ataelekea kutumia “se” kwa nafsi zote.

Ugumu wa tatu ni yambwa mbili. Kiswahili sanifu huruhusu kiambishi kimoja tu cha yambwa katika kitenzi. Anayeulizwa kitabu kiko wapi hujibu “nimekupa”, na jibu hilo linajitosheleza. Kihispania hudai viwakilishi vyote viwili, mpokeaji akitangulia: “te lo di”. Akisema “te di” tu, msikilizaji atasubiri kutajiwa kilichotolewa. Katika nafsi ya tatu, “le” hugeuka kuwa “se” mbele ya “lo” au “la”: “se lo di”.

Ugumu wa nne ni mahali pa kiwakilishi. Hutangulia kitenzi kilichonyambuliwa kwa nafsi (“lo veo”), lakini hufuata amri yakinishi (“dámelo”). Amri ikikanushwa, hurudi mbele (“no me lo des”). Penye kitenzi kisaidizi kinachofuatwa na kitenzi-jina, nafasi zote mbili hukubalika: “quiero verlo” na “lo quiero ver”.

Ugumu wa tano ni heshima. Kwa Kiswahili, heshima hubebwa na salamu na maneno kama mzee, mama au shangazi, huku kiambishi “u-” kikibaki kilekile. Kihispania hutofautisha “tú” na “usted”, na “usted” huchukua kitenzi cha nafsi ya tatu: “¿usted vive aquí?”. Kwa mzee asiyefahamika, kutamka “vives” badala ya “vive” huweza kusikika kama utovu wa adabu.

4.0 Mazoezi
Orodha ya viwakilishi iliyokaririwa haitoshi, kwa sababu kiwakilishi huishi pamoja na kitenzi. Inafaa kuanza kwa maswali mafupi ya ana kwa ana:

(i) “¿Lees el libro?” “Sí, lo leo.” “¿Lees la carta?” “Sí, la leo.”
(ii) “¿Me das la llave?” “Sí, te la doy.”
(iii) “¿Le das la llave a Ana?” “Sí, se la doy.”
(iv) “¿Se la doy?” “Sí, désela.” “No, no se la dé.”

Kila hatua huongeza ugumu mmoja tu. Mwanafunzi asisonge mbele kabla hajaweza kujibu bila kuitafsiri sentensi kichwani.

5.0 Hitimisho
Kiswahili si kikwazo kwa anayejifunza Kihispania. Ni rasilimali aliyonayo tayari. Mwalimu akianzia “kichwa kinaniuma”, atakuwa amefundisha nusu ya “me duele la cabeza”, na muda wa darasa utabaki kwa yale ambayo Kiswahili hakina: jinsia, yambwa mbili na “usted”.