Mwanamke Aliyefagia Nyumba Yake: Mafundisho juu ya Manyoya ya Wanyama, Vumbi na Kifua



Katika Injili ya Luka, sura ya 15, Bwana wetu alitoa mfano wa mwanamke mwenye vipande kumi vya fedha, naye akapoteza kimoja. Je, alifanya nini? Hakuketi kulia, wala hakuanza kuwatuhumu jirani zake. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii mpaka akakiona. Sisi tunaohubiri hupenda kusema juu ya ile fedha, na ni vema. Lakini leo nataka tutazame taa na fagio. Maana katika kazi ya uuguzi nimeona watoto waliopata nafuu hospitalini, wakarudi nyumbani, wakaugua tena, na sababu ya ugonjwa ilikuwa imelala chini ya kitanda chao.

Habari ya mtoto mmoja

Usiku mmoja mama alimleta hospitalini mtoto wake wa miaka 6. Walitoka katika mtaa mmoja wa Butembo, juu mlimani. Kifua cha mtoto kililia kama filimbi, na mbavu zake ziliingia ndani kila alipovuta pumzi. Ilikuwa pumu, ambayo wengine huiita asma. Tukampa dawa ya kuvuta kwa kinywa, akapata nafuu. Akakaa siku 3 wodini bila kukohoa, akaenda zake. Juma moja halikupita, akarudishwa. Akapona tena, akaenda, akarudi mara ya tatu.

Ndipo neno baya likaanza katika jamaa ile. Mtoto alikuwa akilala chumba kimoja na nyanya yake. Watu wakasema, “Hospitalini mtoto ni mzima. Akilala karibu na mzee, anakosa pumzi. Ni nani basi anayemroga?” Ninyi mnajua neno la namna hiyo hufika wapi. Wazee wamefukuzwa katika nyumba zao kwa sababu yake, na wengine wamepigwa.

Nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani kwao pamoja na shemasi mmoja. Nikasema, “Nyanya, niwashie taa.” Nikainama kutazama chini ya kitanda. Nikaona simbilisi 15, wale ambao wengi wetu huwaita kobayi, pamoja na majani, mkojo na mavi yao. Kuku walilala pembeni juu ya gunia. Manyoya yalishikamana na blanketi la mtoto kama pamba. Mzee akaniambia, “Mganga, hawa ndio benki yangu. Kwa hawa nimemlipia mtoto huyu masomo.” Alisema kweli. Yeye aliyeshitakiwa kwamba anamwua mtoto ndiye aliyekuwa akimsomesha.

Manyoya yanadhuru namna gani?

Sikilizeni vema. Si unywele wenyewe unaoleta shida kubwa. Katika manyoya mna vipande vidogo sana vya ngozi, mna mate makavu, mna mkojo uliokauka. Vitu hivi ni vidogo kuliko unga. Huruka hewani, huingia puani na kifuani. Watu wengi hawaoni neno. Lakini mtu mwenye pumu, mwili wake huvichukia: njia za pumzi huvimba na kubana. Paka, mbwa, simbilisi na sungura, wote huweza kuleta shida hii. Tena katika godoro na blanketi huishi wadudu wasioonekana kwa macho, ambao hula ukoko wa ngozi yetu. Uchafu wao nao hubana kifua.

Kuna madhara mengine pia. Paka na simbilisi huweza kumwambukiza mtoto choa cha ngozi na cha kichwa. Viroboto hutaga mayai katika manyoya, mayai huanguka sakafuni, na watoto wao hukua katika vumbi. Funza wa miguu hukua vivyo hivyo katika udongo mkavu wa sakafu, na mbwa na nguruwe huwaleta karibu na vitanda vyetu.

Hapa Butembo ni juu na kuna baridi. Usiku tunaingiza wanyama ndani kwa sababu ya baridi na ya wevi, kisha tunafunga dirisha. Huko Beni ni joto zaidi, lakini jamaa nyingi zimekimbia vijiji vyao kwa ajili ya vita, na watu 12 hulala chumba kimoja pamoja na kuku wachache waliookolewa. Siwahukumu. Mithali, sura ya 12, yatufundisha kwamba mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Na yule maskini katika mfano wa nabii Nathani alimlaza mwana-kondoo wake kifuani. Mnyama ni mali, naye ni kiumbe cha Mungu. Basi sisemi mwaue wanyama wenu. Nasema: watengeni na kitanda, na fagieni kwa akili.

Kuchagua fagio

Nyumba moja yahitaji mafagio matatu. La kwanza ni la njiti za mchikichi, nalo ni la uwanja tu. Ni gumu, ndani ya nyumba huruka juu ya manyoya na kuinua vumbi. La pili ni la majani laini, au lile la plastiki lenye nyuzi nyingi na laini, kama yale yanayoletwa na wafanya biashara kwa njia ya Kasindi. Hilo ni la vyumba. La tatu ni la choo, nalo lisitoke chooni kamwe.

Ukinunua fagio sokoni, lipime kwanza. Lipige mara tatu juu ya kiganja: likimwaga vipande, litaongeza takataka badala ya kuziondoa. Vuta unyasi mmoja: ukitoka kwa urahisi, kamba yake haikufungwa vema. Tazama mpini: uwe mrefu, ili mama asiiname na uso wake katika vumbi.

Kufagia

Mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili. Nilipokuwa mwanafunzi nilifagia wodi kwa nguvu nyingi na bila maji, nikijiona mfanya kazi mwema. Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kifua akaanza kukohoa hata akashindwa kusema. Alipopata pumzi akaniambia, “Mwanangu, uchafu ulikuwa chini, nawe umenilisha.” Sijasahau neno lile. Basi fanyeni hivi:

1. Mtoto mwenye pumu atoke nje kwanza, akae nje nusu saa baada ya kazi kwisha. Yeye asifagie.

2. Fungua mlango na madirisha. Funga kitambaa puani na kinywani.

3. Nyunyiza maji kidogo sakafuni kwa mkono. Yasiwe mengi hata kufanya matope.

4. Vuta fagio polepole kuelekea mlangoni. Usilirushe juu. Anza chini ya kitanda, maana ndipo manyoya hukusanyika.

5. Kwa sakafu ya simenti, na kwa mbao za kitanda na meza, pangusa kwa kitambaa chenye maji. Manyoya hushikamana nacho.

6. Manyoya yaliyoshika blanketi au kiti, yakokote kwa kipande cha mpira wa gurudumu la baiskeli kilichooshwa. Mpira huyakusanya kuliko mkono.

7. Blanketi na shuka zifuliwe kila juma kwa maji ya moto, zianikwe juani. Godoro litolewe nje na kupigwa kwa fimbo, mbali na mlango.

8. Nawa mikono kwa sabuni. Desturi hii tuliizoea kila mlangoni wakati wa Ebola, mwaka 2018 hata 2020. Tusiiache.

Neno juu ya maji ya javeli. Usiyamwage juu ya mkojo wa wanyama katika chumba kilichofungwa, wala usiyachanganye na dawa nyingine ya kusafishia. Hutoka moshi mkali unaochoma kifua. Osha kwanza kwa sabuni na maji mengi. Kisha, ukitaka, tumia javeli iliyopunguzwa kwa maji, madirisha yakiwa wazi.

Kulitunza fagio

Fagio chafu hurudisha jana sakafuni. Kila ukiisha kufagia, ondoa manyoya kwa kijiti. Kila juma lioshe kwa sabuni, likung'ute, likauke juani. Litundike kwenye msumari. Usilisimamishe juu ya nyasi zake, maana zitapinda na kuoza. Likiwa fupi na gumu, lipeleke uwanjani, upate jipya la ndani.

Mashine ya kuvuta vumbi

Sasa umeme umefika katika nyumba nyingine za Butembo na Beni, na baadhi ya ndugu zetu wenye mazulia wameniuliza juu ya mashine ya kuvuta vumbi. Jueni kwamba mashine hii ina undugu na mfano wa leo. Huko Marekani, katika jimbo la Ohio, alikuwako mtu jina lake James Murray Spangler, mfagiaji wa duka moja kubwa. Alikuwa na pumu, na vumbi la fagio lake lilimsumbua sana. Akachukua mota ya feni, mpini wa fagio na mfuko wa mto, akaviunganisha kuwa mashine ya kunyonya vumbi. Mwaka 1908 akapata hati ya serikali juu ya kazi yake, kisha akaiuza kwa mfanya biashara aitwaye Hoover. Basi kikohozi cha mfagiaji ndicho kilichozaa mashine hiyo.

Kama unataka kuinunua, usitazame rangi yake. Tazama mambo manne. Kwanza, chujio: liwe zuri sana, lenye herufi HEPA. Pasipo chujio zuri, mashine hunyonya manyoya mbele na kutapika vumbi jembamba nyuma, na mgonjwa huumia zaidi. Pili, iwe na mfuko unaofungika, na burashi inayozunguka ya kung'oa manyoya katika zulia. Tatu, umeme: nyingi hutaka wati 800 au zaidi, na ubao mdogo wa jua unaowasha taa tatu hauwezi kuiendesha. Iwe ya volti 220. Nne, uliza kama mifuko na machujio yake yanapatikana hapa. Mashine isiyo na mifuko ni sanduku tu.

Na kuitunza ni hivi. Chomoa waya kabla ya kuigusa. Toa mfuko nje ya nyumba kabla haujajaa kabisa. Kata nywele zilizozunguka burashi kwa mkasi. Chujio lioshwe tu kama maandiko ya mashine yaruhusu, nalo likauke siku nzima kabla ya kurudishwa. Usinyonye maji, wala majivu yenye moto, wala vipande vya kioo. Lakini nakuambia kweli: aliye na sakafu ya simenti, fagio laini na kitambaa chenye maji hana haja ya kukopa pesa kwa ajili ya mashine.

Maonyo matatu

La kwanza: si kila kikohozi ni cha manyoya. Moshi wa jikoni nao hubana kifua. Na mtu akikohoa majuma mawili au zaidi, akikonda, akitoka jasho usiku, aende apimwe makohozi, maana huenda ni kifua kikuu.

La pili: ukiona panya wamekufa nyumbani pasipo kuwekewa sumu, usiwafagie wala kuwashika. Viroboto vyao huleta tauni. Mwaka 2020 tauni ilionekana huko Ituri, katika eneo la afya la Rethy. Toka nje, ukawaarifu watu wa kituo cha afya.

La tatu: mtoto akivuta pumzi hata mbavu zikaingia ndani, akishindwa kusema au kunyonya, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, usingoje asubuhi. Mlete hospitalini. Tena dawa ya kuvuta si alama ya imani haba. Ombeni, na mtumie dawa.

Mwisho wa habari

Je, yule mtoto? Baba yake na shemasi walijenga kibanda cha mianzi nyuma ya jiko, kimeinuliwa kutoka chini, chenye paa, nyasi kavu na kufuli. Simbilisi wakahamia huko, na kuku pia. Mavi yao yalikwenda katika shamba la kabeji. Niliwaambia wasikate tamaa upesi, maana vumbi la wanyama hukaa nyumbani miezi mingi hata wakiisha kutoka. Ikawa hivyo: mwezi wa kwanza mtoto aliugua tena. Baadaye ikawa mara chache. Hakupona pumu kabisa. Dawa yake iko karibu naye. Lakini analala, na anakwenda masomoni.

Jumapili moja baba yake alisimama mbele ya jamaa yote, akamwomba mama yake msamaha. Mzee hakusema maneno mengi. Alimshika mtoto mkono, wakaketi pamoja.

Ndugu yangu, yule mwanamke wa mfano alitafuta katika nyumba yake mwenyewe. Kabla hujamnyoshea mtu kidole, washa taa, inama, tazama chini ya kitanda. Pengine utakuta fedha iliyopotea ni amani ya jamaa yako.

Maswali ya kufikiri nyumbani

1. Ni kitu gani katika manyoya kinachobana kifua?

2. Kwa nini tunanyunyiza maji kabla ya kufagia?

3. Wanyama wako wanalala wapi, na kibanda chao kingejengwa wapi?

4. Je, yuko mtu nyumbani mwako anayeshitakiwa kwa jambo ambalo fagio lingeweza kulijibu?