Aliyeezekewa Kwanza: Jamii na Maamuzi ya Kiuchumi Nyeri

Wanafunzi wa uchumi hufunzwa mapema kwamba binadamu ni mpima faida: kila atoapo shilingi hutazamia kurejeshewa zaidi. Hebu tuipime kauli hii kwa paa la mabati.

Katika miaka ya 1960, wanawake wa Nyeri na sehemu jirani za Mkoa wa Kati waliunda vikundi vilivyokuja kujulikana kwa jina la mabati. Walilima mashamba ya watu kwa ujira, wakautia ujira huo katika mfuko mmoja, na fedha zilipotosha, nyumba ya mwenzao mmoja ikavuliwa nyasi na kuezekwa upya. Kisha ikaja zamu ya mwingine. Je, aliyeezekewa kwanza alikuwa na sababu gani ya kuendelea kutoa? Mpima faida wa vitabuni angelala chini ya paa lake jipya na kuwaacha wenzake wanyeshewe.

Jibu halimo katika daftari la mweka hazina. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, desturi ya kulimiana mashamba kwa zamu. Aliyehepa zamu alijitenga na watu ambao angewahitaji siku ya mavuno, ya ugonjwa na ya msiba. Wala tusidhani kwamba walitoa kwa huruma tupu. Paa la mabati hukinga maji ya mvua, na aliyeteka maji uani aliepuka safari ya mtoni katika miteremko ile (asiyeipanda na mtungi asiidharau). Manufaa ya nafsi yalikuwapo, ila yalipitia kwa jirani.

Moyo huohuo ulizaa Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi mwaka wa 1972, kwa michango ya wakazi wa Nyeri. Mkulima wa kahawa aliyechanga hakuwa na hakika kwamba mwanawe angesomea pale. Mwaka wa 2012 taasisi hiyo ikawa chuo kikuu kamili.

Si Nyeri pekee. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger alipowachezesha Waorma wa Mto Tana mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja kwa fedha halisi, wachezaji wenyewe waliuita harambee.

Hata hivyo, desturi hii ina makali yake. Jina la mchangaji husomwa hadharani pamoja na kiasi alichotoa, na aibu hutoza kuliko hiari. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 iliwakataza maafisa kutumia vyeo vyao kukusanya michango, kwani kadi iliyoletwa na chifu haikuwa rahisi kurudishwa tupu.