Mto Sebeya na Neno "Bonde"

Mto Sebeya huanzia katika milima ya Rutsiro, nchini Rwanda, na kumwaga maji yake katika Ziwa Kivu upande wa Nyamyumba, wilayani Rubavu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulifurika. Mafuriko na maporomoko ya ardhi ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 nchini humo, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana.

Je, hayo yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Yanamhusu, kwani tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na wanaoandaliwa kusimamia mito watahitaji kueleweka. Zamani mtaalamu alifunzwa kunyoosha mto, kuujengea kuta na kuyaondoa maji upesi. Siku hizi anafunzwa kuyachelewesha: matuta na miti kwenye miteremko, mianzi kandokando ya mto, na nafasi ya mto kutanuka. Kazi za namna hiyo zimekwisha kufanywa kando ya Sebeya na juu yake, ambako sehemu kubwa ya msitu wa Gishwati ilifyekwa kwa ajili ya malisho na mashamba.

Hapo ndipo msamiati unapotukwamisha. Neno "bonde" tunalibebesha mizigo mitatu: ardhi iliyo kati ya milima, shamba la chini lenye rutuba, na eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto mmoja. Mtaalamu akisema "tulinde bonde", mkulima wa mlimani ataona haambiwi yeye, ilhali udongo unaochafua maji hutoka kwake. Kwa maana hiyo ya tatu, watu wa maji nchini Tanzania hutumia "kidakio", neno ambalo sisi tunalipenda: mlima nao hudaka mvua.

Vilevile tunasema mto "umevunja kingo", kana kwamba ukingo ni ukuta na maji ni mwizi. Tambarare ya kando ya mto iliumbwa na mafuriko yenyewe, kwa mashapo yaliyoachwa mwaka hata mwaka. Tukiiita "uwanda wa mafuriko", anayetafuta kiwanja atajua anajenga wapi.

Tunapendekeza wanafunzi wapewe zoezi la kueleza safari ya tone la mvua kutoka Rutsiro hadi Nyamyumba, bila kutumia neno "bonde" hata mara moja.