Karata 12 za kuweka kando: Somo la wahedi wa sitini kwa wenye mitaji midogo

MTWARA

JOZI mpya ya karata ikitoka dukani huwa na karata 52, ukiacha jokeri. Kabla ya wahedi wa sitini kuanza kuchezwa barazani, kwa kawaida karata 12 hutolewa na kuwekwa kando: nane zote, tisa zote na kumi zote. Hakuna anayezisikitikia, ingawa zimelipiwa sawasawa na zile 40 zinazobaki.

Mchezo ukiisha, mchezaji huyo huyo hurudi dukani kwake, iwe Mtwara mjini, Mikindani au Msimbati, na kukaa mbele ya rafu ambayo hajaipunguza kitu tangu siku aliyoifungua. Kila bidhaa aliyoshauriwa kuileta ameileta. Marejesho ya mkopo yanadaiwa kila wiki, na fedha za kuyalipa zimelala kwenye makopo yaliyoingia vumbi.

Ukiitazama kwa jicho la hesabu, kazi ya kupunguza jozi ya karata na kazi ya kupunguza bidhaa dukani ni kazi moja. Kinachotofautiana ni kwamba barazani hasara ni alama, na dukani hasara ni mtaji.

Mchezo uliokuja na mashua

Majina ya karata yenyewe yanaeleza mchezo ulikotoka. Karata, kopa, uru, shupaza na pau ni maneno yaliyotoka katika Kireno, na hata saba, ambayo wachezaji huiita seti, imebaki na jina la Kireno. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na Wareno waliofuata waliacha mengi yaliyosahaulika, lakini si karata.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, ndugu wa mchezo huu huitwa sueca. Nao hutoa nane, tisa na kumi, huchezwa na watu 4 wenye karata 10 kila mmoja, na mshindi ni anayefikisha alama 61. Mpaka wa mto huo ulipangwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886. Kionga, kusini mwa maingilio ya mto, ikashikwa na Wajerumani mwaka 1894 na kurudi kwa Wareno mwaka 1916. Mipaka ilihama, lakini hesabu ya karata ilibaki ile ile pande zote mbili.

Hesabu ya alama 120

Katika jozi iliyopunguzwa, ree ina alama 11 na seti ina alama 10. Mfalme, ambaye katika Kiswahili cha karata ni mzungu wa nne, ana alama 4. Mzungu wa tatu, yaani askari, ana 3, na mzungu wa pili, yaani malkia, ana 2. Mbili, tatu, nne, tano na sita hazina alama yoyote.

Kila aina basi ina alama 30, na aina nne zinafanya 120. Nusu yake ni 60, hivyo anayepata 61 ameshinda. Ndiyo maana ya jina lenyewe, kwani kwa Kiarabu wahedi wa sitini ni sitini na moja.

Mfanyabiashara aangalie hapa kwa makini. Ree 4 na seti 4 ni karata 8 tu, lakini zinabeba alama 84 kati ya 120, yaani asilimia 70 ya mali yote iliyopo mezani. Katika jozi ya karata 40, moja katika kila 5 ni nzito. Zile 12 zikirudishwa zikawa 52, nzito inakuwa moja katika kila 6 na nusu. Alama hazijaongezeka hata moja, ila njia ya kuzifikia imerefuka.

Hilo ndilo kosa la duka lililojaa. Kila bidhaa isiyotoka inayoongezwa haileti hasara siku ile inapowekwa, na kwa sababu hiyo haionekani kuwa na ubaya. Inachofanya ni kuirudisha nyuma ile inayotoka, ikichukua nafasi yake kwenye rafu na fedha yake kwenye mtaji.

Wanaojipangia karata zao

Huko Marekani, mwaka 1993, kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield. Tofauti yake na karata za kawaida ni kwamba kila mchezaji hununua karata na kujipangia jozi yake mwenyewe. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Hasbro mwaka 1999, na aina za karata zilizochapishwa zimefika maelfu mengi.

Kwa kanuni ya kawaida ya mchezo huo, jozi isipungue karata 60, na karata ya jina moja isizidi nakala 4, isipokuwa zile za ardhi za msingi. Kuzidisha 60 kunaruhusiwa. Hata hivyo, wazoefu wengi hukomea hapo hapo.

Sababu yao ni ya hesabu. Mchezaji huanza na karata 7 mkononi. Akiwa na nakala 4 za karata anayoitegemea katika jozi ya 60, nafasi ya kuanza na angalau moja ni karibu 40 katika 100. Akiongeza karata 20 nyingine, hata zikiwa nzuri, nafasi hiyo inashuka hadi 31. Amenunua karata zaidi na amekuwa dhaifu zaidi.

Kuna kosa la pili, ambalo wenye maduka watalitambua mara moja. Karata za nguvu katika mchezo huo hazichezwi bure, bali hulipiwa kwa karata za ardhi zilizokwisha kuwekwa mezani. Ardhi zenyewe hazipigani wala hazivutii macho, lakini huchukua nafasi kubwa ya jozi, mara nyingi karibu 24 kati ya 60. Anayeanza huzipunguza ardhi ili aingize karata za fahari, kisha hukaa na mkono uliojaa utajiri asioweza kuutumia.

Ardhi hiyo ndiyo fedha ya mzunguko. Mwenye duka aliyetia mtaji wote kwenye bidhaa, akabaki bila fedha ya kupokea sukari inaposhuka bei au ya kulipa usafiri, naye ana mkono mzito usiochezeka.

Wanaowekeza kwenye karata hizo nao walipata somo lao mwaka 1995. Kampuni ilipochapisha upya karata za zamani katika toleo la Chronicles, walioziweka kama akiba walilalamika kuwa thamani yake imeporomoka, na mwaka 1996 ikatolewa orodha ya karata zilizoahidiwa kutochapishwa tena. Bei ya karata sokoni hutokana na uadimu wake, na uadimu huo huweza kufutwa na mwenye mtambo wa kuchapa. Anayepanga jozi ya kushindania haulizi karata ina bei gani, huuliza itamfanyia kazi gani.

Rafu ya bidhaa 52

Tuchukue mfano wa duka lenye bidhaa za aina 52, kila moja ikiwa imemezwa na Sh. 50,000. Mtaji uliolala kwenye rafu ni Sh. 2,600,000.

Bidhaa ya kwanza, tuseme sukari, inaleta faida ya asilimia 10 tu, lakini inaisha kila wiki. Kwa wiki 4 ile Sh. 50,000 imezaa Sh. 20,000. Bidhaa ya pili, tuseme manukato, ina faida ya asilimia 40, lakini huchukua miezi 4 kuisha. Faida yake yote ni Sh. 20,000, ambayo kwa mwezi ni Sh. 5,000. Wengi wangeyaona manukato kuwa biashara bora kwa sababu wanaangalia faida ya kila kipande. Kalenda inasema vingine.

Mwenye duka akitoa aina 12 zinazolala kama manukato, amegusa Sh. 600,000. Tuseme anaziuza kwa bei ya kutupa na kupata Sh. 500,000. Amepoteza Sh. 100,000, na hapo ndipo wengi husita. Lakini Sh. 500,000 zikiingia kwenye bidhaa zinazotoka kila wiki kwa faida ya asilimia 10, huleta Sh. 50,000 kwa wiki, na hasara inafidiwa kwa wiki mbili. Hesabu hiyo inasimama ikiwa wateja wa bidhaa hizo wapo. Kama hawapo, heri sehemu ya fedha ibaki mkononi kuliko kujaza tena rafu.

Usitupe turufu ndogo

Kupunguza si kufyeka. Katika jozi ile ya karata 40, karata 20 hazina alama hata moja, na bado hazitolewi. Mbili ya turufu, isiyo na thamani kwenye hesabu ya mwisho, inaweza kuila ree ya aina nyingine na kuleta alama 11 kwa mpigo.

Dukani turufu ndogo ni chumvi, kiberiti na vocha ya simu. Faida yake ni ndogo mno, na anayepunguza kwa kufuata daftari la faida peke yake ataziondoa kwanza. Lakini mteja aliyefuata kiberiti ndiye anayeondoka na unga na mafuta. Akikikosa mara mbili, mara ya tatu hupita moja kwa moja kwa jirani.

Aidha, turufu hubadilika. Aina iliyokuwa turufu mkono uliopita huwa ya kawaida mkono unaofuata. Kusi likivuma kwa nguvu, mvuvi wa chombo kidogo huko Msimbati huingia baharini mara chache, na nyuzi na ndoana hupoa. Minada ya korosho ikianza mnamo Oktoba, mteja aliyekuwa akinunua kwa kupima huanza kuulizia mabati. Rafu ya Machi haiwezi kuwa rafu ya Novemba.

Kubaki na karata moja

Wapo wanaopunguza hadi kupita kiasi, wakabaki wanategemea karata moja. Mtwara inayajua matokeo yake. Msimu wa 2018 minada ya korosho ilikwama kwa sababu ya bei, na mwezi Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho kwa Sh. 3,300 kwa kilo. Malipo yaliendelea hadi mwaka 2019. Kwa mwenye duka aliyejaza mabati akitegemea fedha za msimu peke yake, kila wiki ya kusubiri ilikuwa wiki ya mtaji kulala.

Ng'ambo ya mto, mji wa Palma ulivamiwa Machi 2021, na mwezi uliofuata kampuni ya Total ikatangaza kusimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi. Aliyekuwa ameelekeza mtaji wake wote kwenye biashara ya upande ule alipoteza turufu yake katikati ya mchezo. Kanuni ya nakala 4 ina busara yake: hata karata bora ina kikomo cha nafasi inayostahili.

Namna ya kuanza

Mchezaji makini hapunguzi kwa kubahatisha. Huzitandaza karata zote mezani, akazipanga kwa kazi zake, akatoa chache na kucheza mikono kadhaa kabla ya kutoa nyingine.

Mwenye duka naye atandaze. Kwa kila bidhaa aandike siku iliyoingia na siku iliyoisha, kwa muda wa mwezi mmoja. Bidhaa ambayo haijauzwa na wala haikumleta mteja wa bidhaa nyingine iwe ya kwanza kutolewa. Atoe tatu au nne, asubiri wiki mbili, aangalie sanduku la fedha, kisha aendelee. Ikitokea mteja wa kudumu ameulizia kilichoondolewa, kirudishwe, kwani ilikuwa turufu ndogo na haikujulikana.

Wachezaji wakiwa watatu, karata 40 hazigawanyiki sawa, basi mbili moja nayo huwekwa kando zibaki 39. Barazani hakuna anayebisha, kwa sababu kila mmoja anajua idadi ya watu waliokaa mezani. Mwenye duka naye ahesabu kwanza wateja wake, ndipo ahesabu bidhaa.