Fungeni Vitabu, Andikeni Mnachokumbuka

Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi makala fupi za sayansi wazisome. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma na kurudia. Lingine lilisoma kwa kipindi kimoja tu. Katika vipindi vitatu vilivyobaki, makala iliondolewa na kila mmoja akaandika alichokumbuka.

Dakika tano baadaye waliorudia kusoma waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Wiki moja ilipopita, mambo yalipinduka. Waliorudia kusoma walibakiwa na asilimia 40, na waliojilazimisha kukumbuka, 61. Zaidi ya hapo, ni hao waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba hawatasahau.

Imani hiyo ndiyo inayowaponza wanafunzi wengi usiku wa kuamkia mtihani. Ukurasa uliosomwa mara ya tano hupita machoni kwa ulaini, na msomaji hudhani ameuelewa, kumbe ameuzoea tu. Kulitafuta jibu kichwani, kwa taabu na bila kuchungulia, ndiko kunakoliimarisha.

Je, hali ni hiyo hiyo kwa watoto wa shule? Roediger na wenzake walikwenda katika shule moja ya mji wa Columbia, jimbo la Illinois, kwa wanafunzi wa darasa la sita waliokuwa wakijifunza maarifa ya jamii. Sehemu ya mada iliulizwa katika majaribio mafupi, sehemu nyingine ikafundishwa bila kuulizwa. Mwalimu wao alitoka nje wakati wa majaribio ili asijue maswali yapi yameulizwa, asije akayakazia bila kukusudia. Mtihani ulipofika, watoto walifanya vizuri zaidi katika yale waliyokuwa wameulizwa.

Mbinu hii haidai vifaa. Hata kwenye darasa la wanafunzi themanini, mwalimu anaweza kuanza kipindi kwa maswali matatu ubaoni: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Watoto wanaandika kwenye daftari vitabu vikiwa vimefungwa, kisha wanafungua na kujisahihisha wenyewe. Hatua hiyo ya mwisho isirukwe, maana kosa lisilosahihishwa nalo hukaa kichwani. Na alama zisirekodiwe. Jaribio likigeuka kipimo cha nani wa kwanza na nani wa mwisho, mtoto asiyejiamini ataanza kunakili kwa jirani, na faida yote inapotea.

Wapo wazazi na walimu wanaohofia kwamba maswali ya kila siku yatawatia watoto kiwewe. Mwaka 2014 Pooja Agarwal na wenzake walichapisha majibu ya wanafunzi 1,408 wa Marekani waliofundishwa kwa njia hii: asilimia 72 walisema iliwapunguzia hofu ya mitihani.