Chuo cha Karibu au cha Mbali?

Mtoto wa Mombasa akifuzu kidato cha nne, nyumba hugeuka baraza. Mama ataka aende Chuo Kikuu cha Pwani, hapo Kilifi. Mwana ataka Chuo Kikuu cha Moi, Kesses, Uasin Gishu, akaishi na watu wa kila kabila.

Tuanze na mfuko. Mwaka 2023 serikali ilileta mpango wa kupima uwezo wa kila nyumba kabla ya kutoa ruzuku na mkopo. Lakini mzazi asihesabu karo peke yake. Kuna chumba, chakula, na nauli ya kwenda na kurudi.

Ama hilo la makabila, Kilifi si kwa Wapwani pekee. Wanafunzi wa serikali hugawiwa vyuo na idara moja kwa nchi nzima. Kwa hiyo Mluo na Mkikuyu huja Kilifi, na Mgiriama huenda Kesses.

Basi, ikiwa somo alitakalo lafundishwa kotekote na mfuko ni mwembamba, achague Kilifi. Lakini akifika asiandamane na wenzake wa mtaani tu. Mgeni keshakuja mlangoni, amkaribishe. Asipomkaribisha, hata Kesses atakaa na watu wa kwao.