MALALE: SINDANO YA MOTO NA VIDONGE VYA SIKU KUMI

Wazee wetu husema: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo ilivyo katika jamaa nyingi za Kongo likitajwa jina la malale. Mmoja wa wazee husema upesi: "Mficheni mgonjwa! Sindano ile huua." Sisi hatumcheki mzee huyo, maana asema aliyoyaona. Lakini tangu siku zake mambo yamebadilika sana, na yatupasa kuwajulisha akina baba na akina mama, nanyi wanafunzi mkawasomee wale wasiojua kusoma.

Ugonjwa gani huu?

Malale huletwa na mbung'o, yule nzi apendaye kivuli cha vichaka kando ya maji. Sisi tukaao Kamina tunao ndugu wengi waendao kulima na kuvua mitoni. Basi habari hii yatuhusu. Kwanza mgonjwa hushikwa na homa, kichwa humwuma, na tezi za shingo huvimba. Baada ya miezi au miaka ugonjwa huingia ubongoni. Hapo hulala mchana na kukesha usiku, tabia yake hugeuka, maneno yake hayana maana. Asipotibiwa, hufa. Ni mara ngapi jirani asiye na kosa amesingiziwa uchawi kwa ajili ya kazi ya nzi!

Dawa zilizounguza

Mwaka 1920 mganga mwanamke wa Marekani, Louise Pearce, alifika Léopoldville, ndio Kinshasa ya leo, kujaribu dawa ya triparsamidi. Iliponya wengi, ila wengine iliwapofusha. Mwaka 1949 Ernst Friedheim, mtu wa Uswisi, alileta melarsoproli. Hiyo nayo ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Ilipopita mshipani iliunguza kama moto, na katika wagonjwa 20 hivi mmoja aliuawa na dawa yenyewe. Hata hivyo waganga waliitumia miaka mingi, kwa sababu kuikosa kulikuwa kifo cha hakika.

Mwaka 1990 Marekani ilikubali dawa isiyo na aseniki, eflonithini. Lakini ilitakiwa kudondoshwa mshipani mara 4 kila siku kwa siku 14, yaani mara 56. Ni zahanati gani ya kijijini yenye wauguzi wa kukesha hivyo? Tena wenye kiwanda waliacha kuitengeneza kwa ajili ya malale, maana maskini hawana fedha. Na mwaka 2000 dawa ile ile iliuzwa Marekani katika marhamu ya kuzuia nywele za usoni mwa wanawake! Mwaka 2001 tu ndipo walipopatana na Shirika la Afya la Ulimwengu kuitoa tena kwa wagonjwa. Mwaka 2009 waganga waliiunganisha na vidonge vya nifurtimoksi, na sindano zikapungua kuwa 14 kwa siku 7.

Sasa vidonge

Kisha Mkongo mwenzetu, mganga Victor Kande, pamoja na wenzake, wakajaribu vidonge vya feksinidazoli kwa wagonjwa 394 katika Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: katika kila wagonjwa 100 waliomeza vidonge, 91 walifanikiwa, kwa wale wa sindano walikuwa 98. Mwaka 2018 vilikubaliwa Ulaya na katika Kongo, na mwaka 2019 Shirika la Afya likaviweka katika maagizo yake. Humezwa mara moja kwa siku, siku 10, pamoja na chakula, mbele ya mwuguzi. Mtoto aliyetimiza miaka 6 na kilo 20 aweza kuvimeza. Dawa hutolewa bure.

Lakini sikilizeni vema. Yule ambaye ugonjwa umemzidi sana ubongoni hatibiwi kwa vidonge. Yeye bado hurudishwa kwenye dawa ya mshipani. Basi jamaa wamfichao mgonjwa kwa kuogopa sindano, wao wenyewe wamwongoza kwenye sindano. Ajaye mapema ndiye apewaye vidonge.

Mwaka 1998 karibu watu 40,000 waliandikwa kuwa na malale katika Afrika. Mwaka 2018 hawakutimia 1,000. Sifa si ya dawa peke yake: ni ya wapimaji waliopita vijiji kwa vijiji, na ya watu waliokubali kunyosha kidole kitolewe damu.

Basi, ndugu wapenzi, wapimaji wakija, tujitokeze sote. Mwenye dalili tumpeleke hospitali, tusimpeleke kwa mpiga ramli. Akianza vidonge, tumpikie chakula na kumhimiza hata siku ya kumi, ijapokuwa ajisikia mzima siku ya nne. Bwana wetu atatuuliza kama tulimtazama mgonjwa. Kumficha si kumtazama.